Kabla hujaleta mayai yako kutotolesha

Mteja akileta trei ya mayai thelathini akaondoka na vifaranga kumi na viwili, swali lake la kwanza huwa: umeme ulikatika? Ana haki ya kuuliza, umeme wa Mtwara sote tunaujua. Lakini jenereta ipo. Siku ya saba tunapoyamulika mayai kwa tochi, mengine hayana mbegu kabisa, na mengine yana duara jekundu la damu, yaani kifaranga alianza kuumbika akafa mapema. Mengi ya hayo yaliharibikia nyumbani kwa mwenyewe.

Yai lenye mbegu huanza kuumba kifaranga joto likivuka nyuzi 21 hivi. Sasa fikiria chumba cha bati pale Chuno au Mikindani, mchana wa Novemba, zaidi ya nyuzi 30. Yai lililokaa juu ya kabati siku kumi linaanza kukua, linasimama, linaanza tena. Mashine yetu ya nyuzi 37.5 haifufui kilichokufa. Yaweke sakafuni kwenye chumba chenye ubaridi, karibu na mtungi wa maji, ncha nyembamba ikitazama chini, uyalete kabla ya siku saba. Friji ya nyumbani hapana, ni baridi mno. Wala usiyaoshe: ukiyaosha unaondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yenye kinyesi yapikeni.

Wa Newala wana nafuu, kule juu kuna ubaridi, ila barabara inawarudisha nyuma. Trei ipakatwe mapajani, isifungwe nyuma ya bodaboda. Sisi huyaacha yatulie usiku kucha kabla ya kuyaingiza.

Yasiyo na mbegu, tazama jogoo. Mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Ukiwa naye mmoja kwa ishirini, usitulaumu. Kware ni dume mmoja kwa majike wawili au watatu.

Kware wenyewe wana mambo yao. Wa kufugwa hawaatamii, kwa hiyo mashine ni lazima. Wanaanguliwa siku ya 17 au 18, kuku siku ya 21, na kugeuza mayai kunasimama siku ya 14 kwa kware, ya 18 kwa kuku. Ndiyo maana tunakataa kuyachanganya kwenye mashine moja hata ukibembeleza. Kifaranga wa kware ni mdogo sana, anazama kwenye sahani ya maji. Jaza kokoto mpaka maji yabaki kwenye nafasi tu. Chakula kisagwe laini, protini ifike asilimia 24. (Habari za mayai ya kware kutibu kila ugonjwa, hizo sisi hatuuzi.)

Vifaranga wa kuku uwakinge na kideri, ugonjwa wa Newcastle. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu. Mchana wa huku mara nyingi taa ya kuwapa joto haihitajiki baada ya wiki ya kwanza, usiku wa Juni na Julai inahitajika. Wakirundikana wana baridi, wakitawanyika wakihema wana joto.

Anayelenga kuuza kuku wa kienyeji msimu wa fedha za korosho, yaani Oktoba hadi Desemba, alete mayai Aprili au Mei. Wanaokuja Septemba huwa wanauza Machi, mifuko ya watu imeshakauka. Tunapokea Jumanne na Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakali, na malipo ni kwa yai linaloingia.