Madiwani wasome taarifa ya barabara na ya shule kwa pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waheshimiwa madiwani wa halmashauri zetu za wilaya kuhusu watoto wa vijijini wanaokosa masomo kila masika, na namna vikao vya halmashauri vinavyolipita suala hilo bila kuligusa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi, na kwa sasa ni mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwetu. Daftari la mahudhurio nalijua vizuri. Machi ikiingia, watoto wasiohudhuria huongezeka, na mara nyingi ni wa vitongoji vilevile: wale wanaokaa ng'ambo ya mto. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu anajumlisha, takwimu zinakwenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha wilayani. Zinapofika kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji zimeshaandikwa kuwa ni utoro. Hapo wazazi wanaitwa kwa mtendaji, wanaonywa, wengine wanatozwa faini ya sheria ndogo. Mama aliyemzuia mtoto wake wa darasa la pili asivuke maji yanayomfika kifuani anasimama pale kama mkosaji. Nimeona hilo kwa macho yangu na linaniuma hadi leo, kwa sababu mama yule alifanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na sisi sote.

Kipindi hichohicho, Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira inapokea taarifa kwamba kalavati la barabara wanayopita watoto haohao limesombwa. Kamati mbili za halmashauri moja, kila moja imeshika nusu ya habari. Anayeziunganisha hakuna.

Najua madiwani watanijibu kwamba barabara hawana mamlaka nayo tena, na wana hoja. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zilizokuwa chini ya halmashauri ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo. Mtandao wake ni zaidi ya kilomita 144,000, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Maji vijijini nayo yalihamia kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019. Meneja wa TARURA wa wilaya anakuja kwenye baraza la madiwani, anasoma taarifa, anajibu maswali, lakini mwajiri wake si baraza. Upande wa maafa ni vivyo hivyo: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na ile ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. Diwani amebaki na lawama za wananchi huku vitendea kazi vikiwa kwingine. Akipita sokoni anaulizwa daraja, akifika msibani anaulizwa daraja.

Hata hivyo, kuuliza bado ni kazi yake, na hakuna sheria iliyomnyang'anya. Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema wazi kwamba Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya inaipa halmashauri wajibu wa kukuza ustawi wa watu wa eneo lake. Anayehesabu makalavati anaweza kuwa wakala, na anayeongoza kamati ya maafa anaweza kuwa Mkuu wa Wilaya. Lakini mtu pekee aliyechaguliwa na kata, ambaye pia ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ambaye ana haki ya kusimama barazani na kudai majibu ya barabara, ya maafa na ya shule katika kikao kimoja, ni diwani.

Tatizo kubwa ninaloliona mimi ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Taratibu za zabuni na mikataba zinachukua miezi, mkandarasi anaingia eneo la kazi vuli ikiwa imeshaanza, na kazi ambayo ingekamilika juani inaburuzwa hadi masika. Upande wa vikao hali ni hiyohiyo. Baraza hukutana kila robo mwaka, na robo hujadiliwa baada ya kwisha. Mambo ya Aprili, Mei na Juni, yaani robo yenye kiini cha masika, husomwa barazani kuanzia Julai au Agosti. Wakati huo mto umeshuka, vumbi limerudi, greda limepita mara moja, na mjumbe akisimama kueleza habari za maji anaonekana anafufua yaliyopita. Masika yanayofuata tunaanza upya. Na masika yote yanaangukia ndani ya muhula wa kwanza, ule ambao mtoto wa darasa la kwanza anajifunza herufi.

Utabiri si kitu tunachokikosa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika kabla ya Machi, na mwaka 2023 ilitangaza mapema kwamba El Niño inakuja. Kilichofuata tunakikumbuka. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliifunika Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Aprili 12, 2024, jijini Arusha, gari lililokuwa likipeleka wanafunzi shuleni lilisombwa na maji kwenye korongo. Mwezi huohuo Rufiji na Kibiti zilizama, mashamba yakaenda, familia zikahamia kambini. Aprili 25, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha na wengine zaidi ya 200,000 kuathirika. Siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikaikata barabara ya kusini.

Bonde la Rufiji linanifikirisha zaidi kuliko mengine. Wazee wa kule wanaishi na mafuriko tangu enzi. Mwaka 1968 maji yaliwahamisha, na serikali ikawapeleka maeneo ya juu kwa Operesheni Rufiji, ila mashamba yalibaki bondeni kwa sababu ndiko kwenye rutuba na ndiko mlau, yaani mazao yanayopandwa baada ya mafuriko, unakoota maji yakishuka. Kwa hiyo watu wa kule wanajua maji yanapita wapi kwanza, njia ipi inafungwa kabla ya nyingine, na ni lini mtumbwi ndio usafiri pekee. Ujuzi wa namna hiyo upo katika kila kata yenye mto. Hauandikwi popote, na ofisa mpya akihamishiwa wilayani anaanza kuuliza mwanzo kabisa.

Mfano wa kufanya vizuri tunao hapahapa nyumbani. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kupelekwa nchi nzima kuanzia 2022, unamsafirisha mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura kwa kupiga simu 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, anaitwa dereva wa jamii ambaye amesajiliwa, safari yake inajulikana na malipo yake yamepangwa. Kazi kubwa imefanyika kabla dharura haijatokea, na magari ni haya haya ya mtaani. Nimewaza mara nyingi kwa nini kata haiwezi kuwa na orodha kama hiyo kwa ajili ya masika: nani ana mtumbwi imara, nani ana trekta, bodaboda gani wanaijua njia ya juu, na ni nani atawalipa.

Ninachoomba ni kwamba kikao cha baraza cha Januari au Februari, kile kinachojadili robo ya pili, kipokee kutoka kila kata orodha ya shule zenye watoto wanaovuka mto au korongo. Iandikwe kivuko gani, kiko katika hali gani, ni watoto wangapi wanakitumia, na maji yakijaa wanabaki siku ngapi upande wa pili. Diwani aiandae na Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa vijiji na walimu wakuu wakiwapo. Isomwe Meneja wa TARURA, Afisa Elimu wa wilaya na mratibu wa maafa wakiwa chumba kimoja, na kila kivuko kitajiwe mtu na tarehe. Palipo na fedha, kazi ifanyike kabla ya Machi. Pasipo na fedha, mzazi aelezwe mapema, kisha kamati ya maafa ya kijiji iweke walinzi wa kivuko wenye kamba, wanaoruhusiwa kukifunga.

Mwalimu mkuu naye apewe maandishi yanayomruhusu kusitisha masomo kwa watoto wa ng'ambo siku ya mafuriko, na kuyafidia baadaye, bila kusubiri simu kutoka wilayani. Nimewahi kuwaona walimu wakiwa na watoto mia shuleni saa nane mchana, mawingu yamefunga, mtandao hakuna, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama ana mamlaka ya kuwaruhusu waondoke mapema. Kwa watoto hao, siku za maji ziandikwe daftarini kuwa ni za maji. Zikiandikwa hivyo, Kamati ya Elimu itaziona na itajua wa kumuuliza.

Shule za sekondari zina shida yake. Wasichana wa mbali wanapanga vyumba mitaani ili wasivuke mto kila siku, na hatari wanazokutana nazo huko wazazi wanazijua. Shule mpya za kata zimepunguza umbali katika maeneo mengi, nashukuru kwa hilo. Lakini pale bweni linapojengwa, baraza liulize pia gari la zimamoto litafikaje. Septemba 14, 2020, wanafunzi 10 wa shule ya msingi waliteketea kwa moto bwenini wilayani Kyerwa.

Orodha hiyo ya vivuko ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na wa shule, na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mvua hazijaanza, majina ya wahusika na tarehe zao vikiwemo.

Mwalimu mstaafu,
Mkoa wa Morogoro