Barua ya wazi kwa binti zangu mnaosomea na kufundisha Kifaransa

Binti zangu,

Shikamoo zenu mlizoandika chini ya barua yenu ya pamoja zimenifikia, nami nawaitikia marahaba, kila mmoja kwa jina lake. Barua hiyo nimeisoma mara tatu. Mnasema kwamba kila mnapopeleka pendekezo la utafiti kuhusu Kifaransa kinachozungumzwa Kigoma, Bujumbura na Uvira, mnaambiwa kwamba hicho si Kifaransa cha kufanyiwa utafiti, na kwamba wawili kati yenu wamefika mahali pa kutaka kuacha masomo ya uzamili. Mnaniuliza mimi, niliyeshika chaki kwa miaka 34, kama inafaa kuendelea. Nitawajibu kwa kuwaeleza habari za mwanamke mmoja wa Uingereza, Mildred Katharine Pope, kwa sababu swali lenu alikwisha kukutana nalo kabla sisi hatujazaliwa, akalijibu kwa kazi ya maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1872 huko Frodsham, katika jimbo la Cheshire, na mwaka 1891 akaingia Somerville, chuo cha wanawake mjini Oxford. Wakati ule wanawake waliruhusiwa kuhudhuria mihadhara na kufanya mitihani, lakini Chuo Kikuu hakikuwatunuku shahada. Mwaka 1893 Pope alifaulu kwa daraja la kwanza katika lugha, na hakupata shahada. Mlango huo ulibaki umefungwa hadi mwaka 1920, yaani miaka 27 baada ya mtihani wake, na katika miaka hiyo yote alikuwa akifundisha wengine.

Jambo alilolipenda lilikuwa Kifaransa cha kale, na pale Oxford alipokuwa mwanafunzi hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Alijifunza kwa njia ya barua, akiongozwa na Paget Toynbee, mtaalamu wa Dante, yule mshairi wa kale wa Italia. Nawaomba msilipite jambo hili haraka. Mwanafunzi aketi peke yake na maandishi ya miaka 700 iliyopita, aandike maswali yake, ayatie katika bahasha, kisha angoje posta ilete majibu, na kwa njia hiyo awe mjuzi kuliko wengi waliokuwa na walimu mbele yao. Baadaye alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kwa Fritz Neumann, halafu Paris, ambako alisoma kwa Gaston Paris na Paul Meyer, mabingwa wa fani hiyo katika zama zao. Paris ilimpa udaktari, wakati Oxford ilikuwa haijampa hata shahada ya kwanza.

Tasnifu yake, iliyochapwa mwaka 1903, ilihusu lugha ya mtawa aliyeitwa Angier, ambaye mwanzoni mwa karne ya 13 alifasiri maandishi ya Papa Gregori kwa mashairi ya Kifaransa. Mtawa huyo aliishi Oxford, katika nyumba ya kitawa ya Mtakatifu Frideswide. Mwanamke aliyekuwa akifundisha Oxford alichunguza lugha ya mtu wa Oxford, na ilimbidi avuke bahari ndipo kazi hiyo itambuliwe kuwa elimu. Kila nikikumbuka habari hii moyo hunisisimka, maana najua kwamba baadhi yenu mtalazimika kusafiri mbali ili mpate idhini ya kuandika juu ya mtaa mliozaliwa.

Sasa nakuja kwenye kiini. Kifaransa alichokichagua Pope hakikuwa kile cha Paris. Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoitwaa Uingereza mwaka 1066 walikwenda na lugha yao, na kwa karne tatu na zaidi ikawa lugha ya wakuu, ya sheria, ya watawa na ya washairi wa kisiwa kile. Ilipoendelea kukaa mbali na Ufaransa ilibadilika, na ilipobadilika ikaanza kudharauliwa. Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alimsawiri mtawa wa kike aliyesema Kifaransa cha Stratford, pembezoni mwa London, kwa kuwa kile cha Paris hakukijua. Hata wataalamu wa siku za Pope wengi waliiona lugha hiyo kuwa Kifaransa kilichoharibika. Pope aliichukulia kuwa lugha yenye kaida zake. Pale Paris walipogeuza sauti ya k kuwa sh, Wanormandi waliiacha, na ndiyo sababu Mfaransa husema *château* na Mwingereza husema *castle*. Pale Paris walipoigeuza w kuwa g, Wanormandi walibaki na w, na ndiyo sababu vita kwa Mfaransa ni *guerre* na kwa Mwingereza ni *war*. Linaloonekana kosa, ukilifuatilia katika maandishi mia moja na kulikuta limekaa mahali palepale, ni kanuni.

Wala msidhani kwamba mambo hayo ni ya Wazungu peke yao. Mtu anayepelekwa kortini, akasimama mbele ya jaji, akafungwa jela, anatembea juu ya maneno matatu yaliyotoka katika Kifaransa cha wale watawala wa Uingereza, yakaingia katika Kiingereza cha sheria, kisha yakashuka bandarini kwetu pamoja na mahakama za kikoloni. Neno *waranti* limebeba ile w ya Wanormandi hadi leo, ambapo Mfaransa mwenyewe anasema *garantie*. Tunayatamka kila siku na hakuna anayetuambia kwamba tunakosea.

Hapa yanipasa niwakiri jambo. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na mwanafunzi msichana aliyekimbia na wazazi wake kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kifaransa chake kilikuwa chepesi mdomoni kuliko changu. Siku ya zoezi la hesabu za sokoni aliandika *septante* kwa sabini na *nonante* kwa tisini, kama wanavyosema Kongo na Burundi, na kama wasemavyo Wabelgiji waliokwenda na maneno hayo huko. Mimi nilikuwa nimefundishwa *soixante-dix*, sitini na kumi. Nilichukua kalamu nyekundu nikayakata yote, kumi na moja kwa idadi, na pembeni nikaandika kwamba hicho si Kifaransa. Alikipokea kitabu chake cha mazoezi kwa mikono miwili, akainama kwa adabu, akarudi kuketi. Tangu siku hiyo hakunyoosha mkono darasani mpaka alipohama. Nilimkosea mtoto yule. Miaka mingi baadaye, nilipokisoma kitabu kikubwa cha Pope katika maktaba moja, kile alichokitoa mwaka 1934 kuhusu safari ya lugha kutoka Kilatini hadi Kifaransa cha leo, nilifika kwenye sehemu aliyoitenga kwa ajili ya Kifaransa cha Uingereza, nikaona jinsi kila kilichoitwa uchafu kilivyopangwa, kikapewa namba ya aya na sababu yake. Nilikifunga kitabu kwa muda. Niliyemwona machoni alikuwa yule msichana.

Kwa hiyo, wanangu, anayewaambia kwamba Kifaransa cha ukanda wetu hakifai kuchunguzwa, msibishane naye kwa hasira. Mleteeni kaida. Mwonyesheni neno, mahali liliposemwa, nani aliyelisema na mara ngapi, na mfanye hivyo kwa uangalifu ambao hautampa nafasi ya kuwakamata mkikosea. Pope alijulikana kwa uangalifu wa namna hiyo. Hoja yake ilisimama kwa sababu alikuwa amesoma maandishi mengi kuliko waliompinga.

Kuhusu vyeo sina maneno mengi. Mwaka 1928 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Oxford kile cheo kilicho chini kidogo ya uprofesa, na mwaka 1934 Chuo Kikuu cha Manchester kikampa kiti cha uprofesa wa lugha ya Kifaransa na filolojia, yaani elimu ya historia, ya lugha zilizotokana na Kilatini. Alikuwa na umri wa miaka 62. Sisemi kwamba nanyi mngoje hadi umri huo. Kucheleweshwa kwake kulikuwa dhuluma, na dhuluma haigeuki kuwa sifa kwa sababu aliyedhulumiwa alivumilia. Daini haki yenu mapema na kwa maandishi. Lakini kazi yenyewe isingoje barua ya kupandishwa cheo.

Lipo jambo moja ambalo nimelifikiria sana na bado linanipa mashaka. Pope aliwapa wanafunzi wake muda wake bila kipimo. Miongoni mwao alikuwa Dorothy L. Sayers, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa riwaya za upelelezi, ambaye alimheshimu maisha yake yote. Kitabu kikubwa cha Pope kilitoka akiwa amekwisha kufundisha miaka 40. Utenzi wa kale wa shujaa Horn, wa Kifaransa cha Uingereza, alioushughulikia uzeeni, sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1955. Pope akafariki mwaka 1956, na sehemu ya pili ikatoka mwaka 1964 kwa mkono wa mtaalamu mwenzake, T. B. W. Reid. Najua mnavyopenda wanafunzi wenu, na najua kwamba mwanamke chuoni ndiye anayetwishwa kusikiliza kila mwenye shida. Wasikilizeni. Ila tengeni asubuhi mbili katika wiki ambazo mlango wenu umefungwa, na mtu asiwafanye mjione wabaya kwa hilo.

Mwisho, msifanye kazi hii kila mmoja kivyake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pope na wenzake walianzisha chama cha kuchapisha maandishi ya Kifaransa cha Uingereza, kwa kuwa mengi yalikuwa yamelala katika miswada ambayo ni wachache tu walioweza kuifikia, na chama hicho kimeendelea kuchapisha muda mrefu baada ya kifo chake. Ninyi mko saba. Wawili wana ndugu Bujumbura, mmoja amelelewa Uvira, na simu zenu zote zinarekodi sauti. Anzeni na soko la samaki la Kigoma siku ambayo wachuuzi wa ng'ambo wamevuka: ombeni ruhusa kwanza, rekodini wanavyotaja bei, andikeni tarehe, mahali, umri wa msemaji na lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kisha nileteeni nyumbani ukurasa wa kwanza kabla ya mwezi kwisha, na katika ukurasa huo muweke *septante* mstari wa juu kabisa.

Ni mimi mama yenu,
Mwalimu mstaafu