Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama, assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Hesabu za fedha mhazini ameshazisoma, sizirudii. Wenye madeni ya ada wanajijua. Vikao viwili vya masika vilivunjwa na mvua. Vilivyobaki vyote vilifanyika hapahapa Chumbageni.

Mada mliyoichagua ilikuwa kuoanisha mvutano, ile nguvu inayoangusha vitu chini, na kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa: posa ya karibu miaka mia ambayo mahari yake hayajulikani. Nadharia ya Einstein ya 1915 inaeleza mwendo wa sayari, na hata bamvua linalopanda pale Raskazone. Ile ya kwanta, iliyosimama tangu 1925, inaeleza atomu. Kila moja kwake haijashindwa. Ukizichanganya kwa njia ya kawaida, hesabu inatapika majibu yasiyo na kikomo. Wanafizikia Goroff na Sagnotti walilionyesha hilo mwaka 1985.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Wazee walishika nyuzi, nadharia isemayo kwamba chembe ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, kwa kuwa wanafizikia Scherk na Schwarz waliona mwaka 1974 kwamba hesabu za nyuzi zina chembe inayofaa kubeba mvutano. Vijana wakashika vitanzi, nadharia nyingine, ambako nafasi yenyewe ni vipande vidogo mno. Maneno yalikuwa makali, na mengine sikuyapenda. Nami nilikuwa wa nyuzi. Nimehama, ila sikwenda kwenye vitanzi.

Kilichonihamisha ni dhahabu. Mwaka 2021 watafiti wa Vienna walipima mvutano kati ya vidonge viwili vya dhahabu, kila kimoja kama miligramu 90. Mwenzetu sonara aliposikia, kikao kilichofuata alikuja na mizani yake na kidonge alichokifua mwenyewe. Mizani ikaandika gramu 0.09. Akaniwekea kiganjani: punje ya mtama, sikuhisi kitu. Nikakidondosha. Kamati nzima ilipiga magoti chini ya meza na tochi za simu.

Kwa kwanta kidonge hicho bado ni jitu. Lakini mwaka 2017 makundi mawili, moja la mwanafizikia Sugato Bose na wenzake, yalipendekeza kuchukua vitu vidogo zaidi, kila kimoja kiwe katika hali ya kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kisha kuangalia kama mvutano peke yake utazifungamanisha hali zao, yaani hali ya kimoja isielezeke bila ya kingine. Ukizifungamanisha, itakuwa vigumu kusema mvutano si wa kwanta. Jaribio hilo halijafanyika. Napendekeza liwe somo letu la mwaka ujao, nyuzi na vitanzi vipumzike.

Kidonge kilipatikana chini ya mkeka, na sonara ametia saini kukipokea. Ndugu katibu, tuingie kwenye uchaguzi.