Ile picha ya pasipoti

Swahiba,

Salaam nyingi, sisi huku wazima, mvua tu ndo imetukamata. Ile muvi uliyonipa, The Killing Fields, nimeimaliza jana na mpaka saa nane usiku niko macho tu. Mi nilidhani ni zilezile za mzungu na kamera anakimbia kwenye risasi, kumbe hii ya 1984 imemfuata yule anayeachwa nyuma.

Kile kipande cha ubalozi wa Ufaransa pale Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, 1975, Khmer Rouge, wale waasi wa kikomunisti, washaingia mjini, wageni wana pasipoti zao watatolewa, Dith Pran, mkalimani na mwandishi aliyekuwa akifanya kazi na wanahabari wa kigeni, ni Mkamboja hana pa kwenda. Basi wenzake hao wanahangaika kumtengenezea pasipoti ya kughushi na pasipoti inataka picha, yani watu wamepiga picha vita vizima na kamera zao leo kapicha kamoja ka uso wa mwenzao kanawashinda, dawa ya kusafishia picha wameungaunga tu, sura inatokea halafu inafifia fifiii mpaka haionekani tena. Pran anabeba kifurushi chake anatoka getini. Nililia mwenzio.

Na huyo aliyemuigiza, Haing Ngor, alikuwa daktari, hajawahi kuigiza maishani, na makambi ya Khmer Rouge kayapitia mwenyewe akatoka hai. Oscar akaichukua. Pran wa kweli alitoroka 1979 akavuka Thailand, baadae akawa mpiga picha wa New York Times.

Ndo nikawakumbuka wanahabari wetu. Mogadishu, 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zikapiga nyumba waliyokutania wazee wa upande wa Aidid, yule mbabe wa vita wa Somalia, wanahabari wakaenda kuonyesha kilichotokea, umati wenye maiti zao mbele yao ukawageukia kwa mawe. Wakafa wanne, Dan Eldon, Hansi Krauss, Hos Maina na Anthony Macharia. Dan alitengenezewa muvi, The Journey Is the Destination ya 2016, na sina neno kabisa, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, anastahili. Lakini Hos na Anthony, Wakenya, mmoja anapiga picha mwenzake anarekodi sauti, wote wa shirika la habari la Reuters, hawa yao iko wapi? Nataka muvi inayoanzia nyumbani kwao. Nataka kumuona Hos anaaga, begi la kamera begani, na ile simu ya jioni inapokelewa na nani.

We ndo uliyesomea kuandika skripti, si mimi. Wazee waliofanya kazi za habari Nairobi miaka ile bado wapo, waendee uwaulize waliwajuaje, waliwasikiaje wakicheka, kabla hawajasahau. Nauli ya basi nitakutumia mwisho wa mwezi, niambie tu unaanza lini.

Swahiba wako