Mwanangu, vijana usiwabebe kichwani, waandike

Marahaba mwanangu. Ile voisi yako ndefu nimeisikiliza yote, nikairudia tena mana kelele zilikuwa nyingi, na nilichosikia humo ni mtu aliyechoka. Umechaguliwa mwenyekiti wa vijana juzi juzi tu na tayari wewe ndo unapanga viti, wewe ndo unamtafuta mhubiri, wewe unaikumbusha kwaya mazoezi, wewe unaandika matangazo, ukisema ulale simu inaita eti fundi mitambo anauliza maiki ziko wapi. Alafu unaniambia baba niombee nipate nguvu. Ntakuombea, ila nguvu unazo mama, shida ni kwamba huduma nzima umeijaza kichwani na kichwa cha mtu sio stoo.

Hebu kasome Kutoka 18, taratibu, sio kama unatafuta mstari wa kuposti. Musa alikuwa anakaa toka asubuhi mpaka jioni watu wamejipanga wanasubiri yeye awaamulie kila jambo, baba mkwe wake Yethro alikuja kumtembelea tu, akaangalia, akamwambia unachofanya sio kizuri, utachoka wewe na hawa watu nao watachoka. Hiyo nusu ya pili huwa tunairuka. Tunamhurumia kiongozi aliyezidiwa, tunawasahau wale waliosimama kwenye jua wakimsubiri. Ukiwa wewe ndo unajua kila kitu, kijana mwenye shida yake anakusubiri mpaka umalize habari za viti na maiki, na wengine hawasubiri, wanaondoka kimya kimya.

Yethro akasema weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Hizo elfu na mia achana nazo, ninyi hamjafika huko, ila wale wa makumi ndo unaowahitaji kesho asubuhi. Mtu mmoja, vijana kumi. Awajue kwa majina, ajue nani ana mitihani, nani nyumbani kwao kuna msiba, nani ameanza kupoa. Na sifa alizozitaja ni uwezo, kumcha Mungu, ukweli, na kuchukia mapato ya udhalimu, sijaona pale aliposema anayejua kushika maiki. Nasema hivi mana nakujua, utawachagua marafiki zako wanaoongea vizuri. Mwangalie yule binti anayebaki kupanga vitabu watu wakishatoka, yule mpe kumi wake.

Kila mwenye kumi awe na daftari. Ndio daftari la karatasi, simu inaisha chaji. Jina, namba ya mzazi au mlezi, alafu vyumba vya kila wiki, aliyekuja anawekewa alama. Viongozi wengi wanaandika idadi tu, leo tulikuwa 43, wanafurahi, wanafunga. Idadi haikwambii kitu, wiki hii wanaweza kuja wageni watano na wenyeji watano wasionekane na 43 ikabaki ni 43 ile ile. Majina ndo yanasema. Ukiona vyumba vitatu vitupu mfululizo, mwenye kumi anapiga simu, anapiga mwenyewe, sio kumtaja kwenye grupu mbele za watu. Na akipiga asiseme mbona siku hizi huji kanisani, hiyo ni kesi. Aseme tumekukosa, uko salama? Kisha anyamaze asikilize. Kuna mchungaji mmoja wa Marekani, Francis Clark, mwaka 1881 pale Portland jimbo la Maine alianzisha chama cha vijana kikaja kuenea dunia nzima, Christian Endeavor, na moja ya kamati zao kazi yake ilikuwa hii hii, kuwaleta wapya na kuwafuata wanaopoa. Kamati nzima!

Vikao sitavisema sana. Anzeni saa mliyosema hata kama mko wanne, ukiwasubiri wachelewaji unawaadhibu waliowahi. Katibu aandike mambo matatu tu kwenye kila jambo mlilokubaliana, nini, nani, lini, na kikao kinachofuata kianze na kusoma hayo. "Tutaliangalia" sio azimio mwanangu, na "sisi sote tutashughulika" maana yake hakuna atakayeshughulika.

Sasa hela. Hapa nakuomba unisikilize kama baba yako na pia kama mtu aliyekaa sana kwenye kamati za fedha za kanisa. Usishike hela. Usishike hata kama ni ndogo, hata kama mweka hazina amechelewa na mtu anakwambia kaa nayo tu dada tunakuamini. Sadaka na michango wahesabu watu wawili pale pale, waandike, wasaini wote wawili, na michango ya simu isiingie kwenye namba ya mtu binafsi, uliza ofisi ya kanisa wawape utaratibu wao. Kila matumizi yana risiti, pasipokuwa na risiti mlipwaji aandike kwa mkono na asaini. Paulo alipokuwa anapeleka mchango Yerusalemu hakwenda nao peke yake, 2 Wakorintho 8 anasema wazi hakutaka mtu awalaumu, alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama mtume hakusema "Mungu anaujua moyo wangu", na wewe usiseme. Nimeona vijana wazuri sana wakitoka kanisani kabisa, na hawakuiba hata senti, walishindwa tu kuonyesha hela ilikwenda wapi.

Lingine ambalo halina mjadala ni usalama wa hao wadogo. Kundi lenu lina watoto wa sekondari na lina watu wazima, msijifanye hamuoni. Mtu mzima asikae na mtoto peke yake chumba kimefungwa, awe nani, hata wewe, hata mhubiri mgeni mwenye jina. Ushauri mkautoe mahali panapoonekana. Meseji za faragha usiku wa manane kati ya kiongozi na mtoto hapana. Mkienda kambi kila mtoto aje na fomu iliyosainiwa na mzazi, iwe na namba ya kupiga kukiwa na dharura, na kama ana pumu, kifafa, mzio wa dawa, iandikwe, na hiyo fomu isafiri na ninyi, mara nyingi inaachwa ofisini. Na mtoto akikwambia siku moja kwamba fulani anamfanyia kitu kibaya, usimwahidi siri, na usiite kikao cha maombi kwanza. Mpeleke kwa anayehusika na ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo, na vyombo vya sheria vijue. Kuna watu watakwambia unalichafua kanisa. Waache waseme.

Na hii mikesha yenu mnayoipenda! Matendo 20 yupo kijana anaitwa Eutiko, alikaa dirishani, Paulo akaendelea kuhubiri mpaka usiku wa manane, kijana usingizi ukamzidi akaanguka toka ghorofa ya tatu. Walimwinua wakakuta amekufa, Paulo akashuka akamkumbatia, na kijana akaletwa akiwa hai, Mungu ni mwema, ila ninyi hamna Paulo. Kabla hamjapanga nani ataimba, pangeni kila mtoto anarudije nyumbani na nani anafunga geti wa mwisho ametoka.

Kuhusu wazee wa kanisa, najua wanakuudhi. Usiwapelekee jambo likishapamba moto. Mpe mlezi wa vijana ratiba ya robo mwaka mapema, ikiwa na tarehe na makadirio ya gharama, karatasi moja inatosha, utashangaa "hapana" nyingi zinavyopungua, mana nyingi wanazisema kwa sababu wameshtukizwa.

Alafu tafuta makamu anayeweza kuchukua kiti chako na umfundishe kuanzia sasa, sio mwezi wa mwisho. Funguo, daftari, namba za watu, paswedi za kurasa zenu, vyote viwe na mtu wa pili anayevijua. Wapo viongozi wanaona fahari wakitoka kila kitu kikisimama, eti ndo dalili walikuwa muhimu. Mimi naona ni uvivu uliovaa suti.

Masomo yako usiyaguse. Chagua siku moja kwa wiki simu ya huduma anaishika makamu, na grupu likija na "dada upo?" usijibu, atajibu yeye.

Nitumie hiyo ratiba ukishaiandika nijue wikiendi zipi uko bize nisikupigie katikati ya kikao. Mama yako anakusalimia, anasema na wewe ule, sio kufunga kila wiki.

Baba yako