Unataka kupimisha depresyoni na mashini ya mawimbi ya ubongo? Soma hii kwanza

Wiki iliyopita mama moja alitoka Katuba, hapa Lubumbashi, na kijana wake, taksi mbili mpaka kwetu, mahali tunapimia mawimbi ya ubongo, akafungua kitambaa akatoa dola alizokusanya pole pole, akaniambia: "Papa, mupimie huyu mutoto ile ya kichwa, miezi tatu hakuli vizuri, hasemi, analala tu anaangalia ukuta, tunataka tujue kama ni depresyoni ao ni batu banamufanya." Sikuchukua zile pesa. Nilikaa naye karibu saa nzima nikimwelezea kwa nini, na sababu kila wiki kuna mwengine anakuya na swali ile ile, naandika hapa ili usipoteze nauli yako bure.

Mashini yetu njo batu banaita EEG. Tunakuvalisha kofia ya nyuzi, tunapaka jeli ku ngozi ya kichwa, unakaa kimya kama dakika 20 ao 30 hivi, na mashini inasikiliza umeme wa ubongo wako. Ndiyo, ubongo iko na umeme, seli zake zinaongea kwa umeme, na zikiongea nyingi kwa pamoja inatoka wimbi lenye tunaweza kuona juu ya ekra. Lakini ni umeme kidogo sana, mikrovolti 10 mpaka 100 hivi, pile moja ya radio peke yake inaupita zaidi ya mara 10,000. Njo maana tunakuomba uzime simu na usiume meno, sababu ukikaza tu taya ao ukipepesa macho, ile inaandikika kubwa kuliko ubongo wenyewe. Hata umeme wa nyumba, ule wa SNEL, unaingia mle, ule unapiga mara 50 kwa sekunde, tunauchuja. Na jambo moja watu wanaogopa sana: hii mashini haitumi kitu mu kichwa yako, haisomi mawazo yako, na haioni bulozi. Inasikiliza tu.

Mawimbi yenyewe iko na majina. Ya pole pole kabisa, chini ya mara 4 kwa sekunde, ni delta, ya usingizi mzito. Teta ni 4 mpaka 8. Alfa ni 8 mpaka 13, hii inatokea ukifunga macho na kutulia, inaonekana sana ku kisogo. Juu ya pale kuna beta. Mwenye aliziona wa kwanza kwa mutu ni Hans Berger, munganga wa magonjwa ya akili kule Jena, Ujerumani, alirekodi mu 1924 na akatangaza mu 1929. Na huyu Berger mwenyewe, mwaka 1941, alijiua akiwa mu depresyoni. Kila mara nikiwasha mashini namufikiria. Mutu mwenye alifungua mulango wa kusikiliza ubongo, ugonjwa huu haukumuheshimia elimu yake, kwa hiyo mutu asikuambie depresyoni ni ya wavivu ao ya wenye imani ndogo.

Sasa, mawimbi ya mutu mwenye depresyoni iko tofauti? Hapa njo habari inavuruga watu, sababu jibu ni ndiyo, kidogo. Mu 1991 Henriques na Davidson kule Marekani baliandika kama watu wenye depresyoni banaonyesha alfa mingi zaidi upande wa kushoto mbele ya kichwa, na alfa ikiwa mingi maana yake ile sehemu imepumzika, haifanyi kazi sana, na ile sehemu ya kushoto bao baliifikiria kuwa inahusika na hamu ya kutafuta vitu vizuri. Kisha mu 2012 Leuchter na wenzake, ku UCLA, balipima watu 121 wenye depresyoni, bakaona sehemu nyingi za ubongo wao zimefungana sana mu teta na alfa, kama majirani ya avenyu nzima yenye inaongea usiku kucha na hakuna mwenye ananyamaza ili mwengine apumzike. Nikisoma ile nilielewa watu wanaoniambia "kichwa inajaa, mawazo haikatiki."

Basi mutu anasoma hizo vitu ku Facebook, anasema ee, kumbe inaonekana, niende nipimwe. Lakini kuona tofauti mu kikundi cha watu na kuona ugonjwa kwa mutu moja ni kazi mbili. Chukua wanaume 100 na wanawake 100 wa Lubumbashi, upime urefu, wanaume kwa jumla watakuwa warefu. Sasa mimi nikuambie tu kuna mutu mahali ana mita 1.66, utajua ni mwanaume ao mwanamke? Huwezi. Alfa ya kushoto iko vile vile. Mu 2017 watafiti balikusanya kazi nyingi za ile alfa, bakaiweka pamoja, bakaona haiwezi kutumika kutambua depresyoni kwa mutu. Zaidi ya ile, mawimbi yanabadilika kwa sababu nyingi: haukulala, uko na usingizi, unameza Valium, dawa ya kutuliza, yenye ulinunua ku farmasi ya kona (ile inaongeza beta, naiona mara nyingi na mutu anashangaa nilijuaje). Kwa hiyo mutu akikuandikia ku karatasi "depresyoni" sababu ya EEG peke yake, ulize maswali.

Na ile ingine inaniumiza zaidi: mutu iko na depresyoni ya kweli, EEG inatoka nzuri, familia inasema "umeona, hauna kitu, simama ufanye kazi." Hapana jamani. EEG nzuri haimaanishi kama mutu hateseki. Ile karatasi inaweza kumufunga mutu mudomo.

Depresyoni inatambulika kwa kuongea. Munganga anauliza kama kwa wiki mbili hivi ao zaidi, karibu kila siku, roho iko chini ao vitu vyenye ulikuwa unapenda havikufurahishe tena, halafu anatazama usingizi, kula, nguvu, kujilaumu, kushindwa kuweka akili mahali pamoja, mawazo ya kufa. Hakuna mashini, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko EEG. Anaweza kuomba pia upimwe damu, sababu tiroidi (tezi ya shingo) yenye inafanya kazi pole ao upungufu wa damu inaweza kufanana na depresyoni, hapo pesa ya labo inasaidia kweli. Na dawa iko, na kuongea na mutu mwenye alisomea iko, zote zinasaidia, lakini dawa inachukua wiki kadhaa mbele ya kufanya kazi vizuri, wengi wanaacha ku siku ya tano wakisema haiponyeshi. Hapa Lubumbashi kuna kituo Joseph Guislain cha Ba Frères de la Charité, kile ni cha magonjwa ya akili na ya neva. Maombi endelea nayo, mimi pia naomba, lakini mutu mwenye hakuli tangu miezi tatu usimwekee tu kufunga mu chumba cha maombi.

Kama mutu anasema anataka kufa, ao anaanza kuaga, kugawa nguo zake, usimwache peke yake hata usiku moja, ondoa dawa na sumu zote mu nyumba, na mupeleke hospitali siku ile ile.

Sisi tunapimia nini sasa? Kifafa, kwanza kabisa. Mutu anaanguka, anakakamaa, ao mutoto anasimama ghafla macho yameganda na hasikie ukimwita, ao mutu mwenye alikuwa mzima anavurugika akili kwa siku mbili, hapo EEG inaweza kuonyesha kitu (hata kama kifafa pia wakati mwengine haionekani siku ya kupima). Na wenye kifafa wanapata depresyoni mingi kuliko wengine, kwa hiyo tukikupimia kifafa tutakuuliza pia unalala aje na roho iko aje, usishangae.

Yule kijana wa Katuba tulimuandikia karatasi ya kumupeleka kwa munganga, na mama alibakia na dola zake za kununua dawa. Kama wewe munganga wako ameandika EEG, kuya na ile ordonansi, nywele safi, zimeoshwa na sabuni bila mafuta, meshi zitolewe, kula mbele ya kutoka nyumbani, na dawa zako za kifafa usiache kumeza bila yeye kukuambia.