Mpwa wangu, acha kusema unasoma Boston

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na bisibisi mkononi na redio ya mtu iko wazi mezani. Mama yako alikaa pembeni akitaka kujua unasema nini. Nikamwambia unasalimia. Yaliyobaki nakujibu hapa hadharani, kwa sababu wako wengi wa kwetu walioko vyuo vya mbali wenye malalamiko kama yako, na jina lako silitaji. Nani atajua ni wewe? (Barabara ya 9 nzima ya hapa Tanga itajua, lakini hao walishajua.)

Unasema watu wa Cambridge, mji wa Marekani ulio ng'ambo ya mto kutoka Boston, wamekuchosha. Ukiulizwa unasoma wapi, ukataja MIT, chuo chenu cha teknolojia, mazungumzo hukatika au hugeuka kichekesho. Kinyozi kakwambia basi piga mwenyewe hesabu ya bakshishi yake. Dereva wa teksi kakuuliza kama umeshaunda roboti wa kumpokea usukani. Siku hizi unajibu "nasoma Boston" na kugeuzia uso dirishani.

Unajua nikishikwa na jambo silali. Nimesoma usiku kucha kwenye simu. Chuo chenu kilianza kufundisha mwaka 1865, na kweli kilikuwa Boston, watu wakikiita Boston Tech. Kikavuka mto Charles kuhamia Cambridge mwaka 1916. Kwa hiyo uongo wako umechelewa zaidi ya miaka mia. Ukitaka kudanganya, danganya kwa habari za karibuni.

Halafu lile daraja la mto huo unalolivuka kwa miguu. Oktoba 1958 vijana wa chuo chenu walimchukua mwenzao wa mwaka wa kwanza, Oliver Smoot, mwenye urefu wa futi tano na inchi saba, wakamlaza juu yake, wakapiga alama kichwani, akainuka, akalala tena mbele, mpaka ng'ambo. Alipochoka wakawa wanambeba. Jibu lao: daraja lina Smoot 364.4 na sikio moja. Wanafunzi wamekuwa wakizipaka rangi upya alama zile hadi leo. Kilichonishangaza si utundu, maana vijana ni vijana. Kilichonishangaza ni wenyeji. Polisi walizoea kuzitumia kueleza ajali imetokea sehemu gani ya daraja, na daraja lilipojengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1980, alama zilibakizwa, hata vipande vya zege vya njia ya miguu vikakatwa kwa urefu wa Smoot badala ya futi sita za kawaida. Na huyo huyo aliyelazwa chini kama fimbo ya kupimia kitambaa alikuja kuwa rais wa ISO, shirika la viwango la kimataifa. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Sasa niambie, watu wanaokataa wanafunzi hukubali kupimiwa ajali zao kwa mwili wa mwanafunzi?

Lakini sitaki kukudanganya kwamba kila kichekesho cha kinyozi ni mapenzi tu. Uliwahi kuuliza hapo chuoni pako palikuwa na nini? Pale Kendall, jirani na chuo, palikuwa na kiwanda cha sabuni cha Lever Brothers, kilichofungwa 1959. Ukishuka Massachusetts Avenue palikuwa na kiwanda cha peremende cha Necco, na jengo lile lile likaja kuwa maabara ya kampuni ya dawa. Babake kinyozi wako huenda alipika sabuni. Mwanawe hawezi kuingia kwenye jengo lililosimama pale bila kadi ya kufungulia mlango. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa hilo. Sisi tuliokulia na king'ora cha kiwanda cha mbolea, kilichoanza 1972 na kufungwa 1991, tunajua mtu anavyopita mbele ya geti alilokuwa akiingilia babake.

Na wenyeji wako wana ulimi, usiwaone hivyo. Mwaka 1976 wanasayansi wa Harvard na wa kwenu walitaka kuendelea na majaribio ya kuunganisha vinasaba vya viumbe tofauti, jambo jipya wakati ule. Meya wa mji, Alfred Vellucci, mtu ambaye aliwahi kupendekeza uwanja wa Harvard ugeuzwe maegesho ya magari, akawaita ukumbini waje wajieleze kwa lugha ya watu. Majaribio ya hatari zaidi yakasimamishwa kwa muda, ikaundwa bodi ya wakazi wasiokuwa wataalamu wa mambo hayo. Wakakaa miezi, wakasoma, wakahoji mabingwa. Ulidhani walipiga marufuku? Waliruhusu, kwa masharti, na Februari 1977 mji ukapitisha sheria yake. Kampuni za fani hiyo zilikuja kujazana mji huo huo, kwa kuwa sheria ilikuwa inajulikana.

Nilipofika hapo nilizima simu, nikamkumbuka bibi yako mkubwa wa Kigombe.

Nilikuwa na miaka saba au minane. Gari lilikuja kijijini usiku, taa za karabai, watu wamevaa makoti meupe, wakisema wanataka damu. Usiku! Bibi hakungoja sentensi ya pili. Alinisukuma uvunguni, akatupa mkeka mbele, akakaa juu ya kitanda na mchi. Mumiani, akasema, wamefika. Kijiji kizima kilijua mumiani ni watu wanaonyonya damu za wenzao wakauze, na hakuna aliyewahi kusikia hospitali inayofunguliwa saa sita za usiku.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba walikuwa wanatafuta matende. Vijidudu vyake mchana hujificha ndani ya mapafu, usiku ndio hutoka kwenye damu ya juu juu, saa zile zile mbu anapouma. Ukipima mchana unaona damu safi. Sababu yenyewe unamaliza kuieleza kabla kikombe cha kahawa hakijapoa, tena kijiji chenye wazee wa matende na busha kila baraza kingeielewa kuliko mtu yeyote duniani. Sikumbuki mtu aliyekaa na bibi akamweleza. Walikuja, wakatoboa vidole vya waliokubali, wakaondoka. Si ndio mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo?

Na silikanti je? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa huku wakawa wanamtoa kwenye majarife, samaki ambaye mpaka 1938 wataalamu walimhesabu kuwa alikwisha tangu enzi za madainosaria. Wageni wakaja na vipimo, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Rafiki yangu mvuvi wa Mwarongo husema ukoo wa yule samaki wanaujua kurudi nyuma miaka mamilioni, ila yeye hawakumuuliza ni mtoto wa nani.

Shika neno hilo. Huku kwetu ukiingia mahali unaulizwa mtoto wa nani wewe, na ukishajibu umepewa kiti. Kule hawamjui mama yako. Kinyozi akiuliza unasoma wapi ndio anakutafutia kiti, kisha anakutania aone kama utakaa. Wewe Mbondei uliyekulia katikati ya Wadigo na Wazigua, utani wa kutukaniwa babu msibani unauelewa, halafu utani wa bakshishi unakushinda?

Nije kwenye friza, maana najua lilikuuma, na mimi limeniuma kuliko wewe.

Desemba uliyokuja, bibi wa Makorora anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju alimtuma mjukuu aje akuite ukamtazamie friza lake, haligandishi. Ukamjibu mtoto, mbele ya baraza zima la kahawa, kwamba wewe husomei mafriji, unasomea hesabu za kompyuta. Ukaongeza kwamba ni "Kozi 18". Nimekuja kugundua kwamba kwenu idara zinaitwa kwa namba na majengo kwa namba, kama sisi na barabara zetu za Ngamiani, lakini siku ile hakuna aliyejua. Mzee mmoja akauliza kama ni kozi ya kumi na nane mbona hata friza hajafika. Watu wakaanguka kwa kicheko, wewe ukaingia ndani, na mpaka unapanda basi hukukaa tena barazani.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Ilikuwa rilei ya kompresa, kitu cha kushika mkononi, dakika ishirini nimemaliza. Wakati nafunga skrubu, bibi akasema, "Wala sikumwitia friza. Fundi si wewe, na duka lako nalipita kila siku?" Nikamuuliza basi ulimwitia nini. Akanionyesha sahani imefunikwa kawa. Mkate wa kumimina. Alikuwa ameamka alfajiri. Alinyonyesha pamoja na bibi yako, akataka ukae kwake, umwambie kule kukoje, na hakuwa na njia ya kumwita msomi wa Marekani bila kisingizio.

Mkate niliula mimi. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa na hasira, na baadaye nikaona aibu kwamba nilikuwa na hasira.

Sasa unasema Juni unakuja na wenzako watatu kupima chumvi kwenye visima vya Kigombe. Karibuni. Kibali cha utafiti cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, fuatilieni mapema, barua ya wilaya, mwenyekiti wa kijiji, hayo unayajua. Ila siku mbili za kwanza vifaa vibaki kwenye mabegi. Pitieni shikamoo nyumba kwa nyumba, mle mlichopewa, mseme kwa Kiswahili kitu kile kitapima nini, kwa nini kisima hiki na si kile, na majibu mtaleta lini. Mkiitwa mumiani msikasirike, waulizeni wazee wawasimulie, mtapata habari za maji ambazo hakuna kifaa kitawapa: kisima kipi kilianza kukolea chumvi, mwaka gani, baada ya nini. Wenzako watapewa majina. Yule mrefu uliyenitumia picha yake ataitwa Mnazi kabla ya adhuhuri, mwambie mapema ajiandae.

Kinyozi wako naye rudi kwake. Mpigie hesabu ya bakshishi, ikosee kwa makusudi, kwa faida yake.

Mama yako anasema ulete koti la baridi la kaka yako, sijui la nini na joto hili. Na bibi wa Makorora ameniuliza juzi unakuja tarehe ngapi, kwani friza limeanza tena kutoa sauti. Nimekwenda kulisikiliza. Halitoi sauti yoyote.

Mjomba wako,
Ngamiani, Tanga